Malipo ya Askari: Ujira, Takrima au Deni?

Kila dola iliyopata kuweka jeshi imelazimika kujibu swali ambalo kwa sura yake ni la hesabu na kwa kiini chake ni la haki: askari alipwe nini? Watunza hazina huliona kuwa jambo la tarakimu; hupanga vyeo, huandika viwango, kisha hufunga daftari. Walakini tarakimu huja mwisho. Kabla yake kuna swali lililo gumu zaidi, nalo ni hili: kile apewacho askari ni kitu gani? Je, ni ujira, yaani bei ya kazi, kama vile mshona kanzu au mjenzi wa ukuta anavyolipwa? Je, ni takrima, yaani kitu ambacho mtawala hukitoa kwa ukarimu wake, naye aweza kukizuia bila ya kulaumiwa? Au ni deni, yaani haki isiyokufa kwa kupita kwa siku wala kwa kubadilika kwa serikali? Majibu haya matatu hayafanani, na historia ya Afrika Mashariki katika karne ya ishirini yaonyesha kwamba kila moja lina watu lililowainua na watu lililowadhulumu.

Maneno ya Kiswahili yenyewe yashuhudia kwamba wasemaji wake hawakuliona jambo hili kuwa moja. Neno mshahara lina asili yake katika neno la Kiarabu lenye maana ya mwezi. Ni malipo yanayohesabiwa kwa mwandamo, na mwezi ukiisha, mlipaji na mlipwaji hawadaiani. Posho ni chakula cha mtu aliye kazini, au fedha badala ya chakula hicho; haimtajirishi mtu, humwezesha tu kusimama kesho mahali alipowekwa leo. Kiinua mgongo ndilo neno lenye fikira nzito kuliko yote: ni malipo ya mtu aliyeinama muda mrefu katika kazi, akapewa kitu cha kumsaidia kusimama wima siku ya kuondoka kwake. Nyuma ya maneno haya yapo mengine mawili ya zamani, nyara na ngawira, vitu ambavyo askari hujichukulia mwenyewe kwa aliyeshindwa. Maneno hayo mawili ni onyo. Askari asiyelipwa na yule aliyemtuma hulipwa na yule aliyemkuta njiani.

Wasemao kwamba malipo ya askari ni ujira tu wana hoja yenye nguvu. Ujira ni kitu cha wazi. Mtu huitwa, huambiwa kazi na kiasi, naye hukubali au hukataa. Hapana kunyenyekea ndani yake, wala hapana kudanganywa kwa sifa. Lakini hoja hii hukwama mara inapopimwa kwa mambo yaliyomo katika kazi yenyewe. Mwashi akiona ukuta unaegama hukimbia, na hakuna amlaumuye; askari akikimbia hushtakiwa, na katika majeshi mengi ya zamani aliuawa. Kibarua asiporidhika huacha kazi mwisho wa mwezi. Askari hawezi kuondoka mpaka aachiwe. Zaidi ya hayo, kitu kinachonunuliwa hakina soko. Mguu hauna bei, wala macho hayana bei, wala hakuna mizani ya kupima thamani ya baba kwa mtoto aliye tumboni. Bei ikitafutwa kwa kuangalia ni kiasi gani mtu huyo angalipata shambani kwao, basi maskini ndiye ambaye kifo chake ni rahisi, na tajiri ndiye ambaye kifo chake ni ghali. Hivyo ndivyo serikali za kikoloni zilivyohesabu, na hesabu hiyo itaonekana matunda yake hapa mbele.

Fikira ya takrima nayo ina umri mkubwa. Katika miaka ya mwisho ya jamhuri ya Roma majemadari waliwaahidi askari wao ardhi na fedha, na askari wakajifunza kumtazama jemadari badala ya nchi. Mfalme Augusto alitambua hatari hiyo. Mwaka 6 baada ya Kristo alianzisha hazina maalumu ya wanajeshi waliostaafu, akaitia sesta milioni 170 za mali yake mwenyewe, kisha akaweka kodi ya sehemu 5 katika 100 juu ya urithi ili hazina isikauke. Askari wa kikosi aliyemaliza muda wake alistahili sesta 12,000. Jambo kubwa katika tendo hilo si kiasi. Jambo kubwa ni kwamba kitu kilichokuwa hisani ya mtu kilifanywa kuwa sheria ya nchi. Lakini sheria hiyo haikuua desturi ya zawadi. Mwaka 193 walinzi wa kifalme mjini Roma walimwua mfalme, wakanadi ufalme kwa mtu aliyetoa ahadi kubwa zaidi kwa kila askari. Didius Julianus alishinda mnada huo, akatawala miezi miwili tu. Takrima ina tabia hii: mpaji hufikiri kwamba amenunua shukrani, kumbe amefundisha kudai.

Mfano ulio karibu zaidi na elimu ya pwani hii ni ule wa Madina. Khalifa Abubakar alipogawa mali alitoa sawa kwa sawa. Alipoambiwa kwamba wako waliotangulia katika dini na katika vita, jibu lake, kama lilivyopokewa na wanahistoria, lilikuwa kwamba fadhila ya kutangulia malipo yake yako kwa Mungu, na mali hii ni maisha ya dunia, na katika maisha usawa ni bora kuliko upendeleo. Umar aliyemfuata alikuwa na rai nyingine. Alianzisha diwani, daftari kubwa lenye majina ya wapiganaji na posho zao, akawapanga kwa daraja: waliopigana Badr hawakuwa sawa na waliosilimu baadaye. Hakuona haki kumlinganisha aliyepigana upande wa Mtume na yule aliyepigana dhidi yake. Husimuliwa kwamba mwishoni mwa maisha yake alifikiri kurudi katika usawa, lakini mauti yalimtangulia. Ali aliporithi ukhalifa alirudi katika njia ya usawa.

Katika habari za daftari hilo mna kisa kinachofaa kufikiriwa na kila mwandishi wa kanuni za posho. Husimuliwa kwamba Umar aliweka posho kwa watoto walioachishwa ziwa. Usiku mmoja alisikia mtoto akilia bila ya kunyamaza, akamwuliza mama sababu. Mama akajibu, pasipo kumjua aliyesema naye, kwamba anamwachisha mtoto kabla ya wakati kwa kuwa Umar hawapi posho wanaonyonya. Asubuhi amri ikabadilishwa, na posho ikatolewa tangu kuzaliwa. Kisa hiki chafunza kwamba kanuni ya malipo haikai katika karatasi. Huingia nyumbani, hukaa mekoni, hugusa titi la mama. Aandikaye kwamba mke wa askari atapewa hiki na mjane hatapewa kile amepanga maisha ya watu ambao hatawaona kamwe.

Yote mawili, rai ya Abubakar na rai ya Umar, yalikuwa na msingi mmoja: daftari lenye majina. Walibishana juu ya kiasi, hawakubishana kama jina la mpiganaji liandikwe. Kwa kipimo hiki vita vya mwaka 1914 hadi 1918 katika Afrika Mashariki ni hukumu nzito juu ya dola zilizovipigana. Vita hivyo vilipiganwa mahali pasipo na reli wala barabara za kutosha, na mbung'o waliwaua wanyama wa mizigo. Basi mizigo ilipanda vichwani mwa watu. Wapagazi walikuwa wengi kuliko askari, na waliokufa kwa njaa, kuhara na homa walikuwa wengi kupita waliokufa kwa risasi. Jina la kikosi chao kwa Kiingereza limebaki katika kinywa cha watu mpaka leo: Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi. Wauzao vitunguu na vitambaa katika masoko hayo wanatamka kila siku jina la watu ambao wengi wao hawakuandikwa popote.

Mpagazi alilipwa chini ya askari, kwa kuwa serikali ilisema kwamba yeye si mpiganaji. Lakini ugonjwa haukuuliza cheo. Vita vilipokwisha, mishahara ya maelfu ya waliokufa ilibaki bila ya mwenyewe, kwa sababu jina lilikuwa limeandikwa vibaya, au kijiji hakikutajwa, au mrithi hakujua kwamba iko fedha ya kudaiwa. Maafisa wa serikali katika Afrika Mashariki waliomba fedha hizo zitumike kwa manufaa ya watu ambao kwao wapagazi walitoka. Serikali ya London ilikataa. Hapo ndipo tofauti ya ujira na deni inapoonekana. Mwenye kuhesabu ujira husema: asiyekuja kuchukua hana dai. Mwenye kukiri deni husema: asiyekuja kuchukua ndiye apasaye kutafutwa. Mwezi Aprili mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa taarifa ikakiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao kutoka Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa jina, au hawakukumbukwa kabisa. Serikali ya Uingereza iliomba radhi. Miaka zaidi ya mia moja ilikuwa imepita.

Vita vilipokwisha pia kulitolewa ardhi. Mwaka 1919 serikali ya Uingereza ilianza mpango wa kuwapa mashamba askari wa kizungu waliotaka kukaa Kenya, na sehemu ya ardhi ya Wanandi ilichukuliwa kwa mpango huo. Wanandi walikuwa wametoa askari wengi kwa jeshi la King's African Rifles. Hivyo kiinua mgongo cha askari mmoja kilikatwa katika mgongo wa askari mwingine. Haifai kusema kwamba wale waliopewa hawakustahili chochote. Wengi walikuwa wamejeruhiwa na kuteseka. Lakini haki iliyolipwa kwa mali ya mtu mwingine haijalipwa. Imehamishwa tu, na deni limezaa deni.

Upande wa Wajerumani jambo lilikwenda njia nyingine. Askari wao Waafrika walikuwa wakilipwa zaidi ya vibarua wa mashamba, na malipo hayo yalikuwa sababu moja ya utii wao. Bahari ilipofungwa na manowari za Waingereza, serikali ya koloni ilichapa noti zake yenyewe, na noti hizo baada ya kushindwa hazikununua hata kibaba cha mtama. Askari walisalimu amri mwezi Novemba mwaka 1918 huku wakidai mishahara ya muda mrefu. Baadhi ya madai yalilipwa katika miaka ya 1920, na mwaka 1964 Bunge la Ujerumani ya Magharibi lilikubali kuwapa fedha wazee waliokuwa bado hai. Kuna masimulizi yanayorudiwa mara nyingi kwamba wazee wasiokuwa na karatasi walipewa fagio na kuamriwa kwa Kijerumani kufanya gwaride la bunduki, na hakuna aliyeshindwa. Watu huyasimulia kwa kucheka. Lakini mwenye kufikiri ataona uchungu ndani yake: dola ilipoteza karatasi, na mwili wa mzee ukawa ndio daftari. Mwili ulikuwa umehifadhi amri kwa muda wa miaka 46; aliyeitoa amri ndiye aliyesahau.

Vita vya pili viliwachukua Waafrika wa Mashariki mpaka Uhabeshi, Madagaska na Burma. Zaidi ya Watanganyika 80,000 waliingia jeshini. Walipoachiwa, walipewa kiinua mgongo kwa hesabu ya miezi ya utumishi, lakini hesabu hiyo ilitiwa rangi. Kwa cheo kimoja na muda mmoja Mwafrika aliweza kupata takriban theluthi ya alichopata mzungu. Hoja iliyotolewa kwa tofauti za namna hiyo ilikuwa kwamba maisha ya Mwafrika kwao ni rahisi, hivyo fedha kidogo zamtosha. Hoja hii ina kosa lililo wazi. Gharama ya maisha ni kipimo cha posho, kwa kuwa posho ni chakula, na chakula hutofautiana bei. Haiwezi kuwa kipimo cha kiinua mgongo, kwa kuwa kiinua mgongo ni malipo ya hatari iliyopita, na hatari katika bonde la Kabaw haikuwa rahisi kwa mmoja na ghali kwa mwingine. Malaria ya Burma ilitoza bei moja.

Ufaransa ilitenda mambo makali zaidi. Tarehe 1 Desemba 1944 katika kambi ya Thiaroye, karibu na Dakar, askari wa Afrika ya Magharibi waliokuwa wametoka katika vifungo vya Wajerumani walidai mishahara yao iliyocheleweshwa, wakapigwa risasi na jeshi walilolitumikia. Serikali ilitaja vifo 35. Wanahistoria wengi huamini kwamba waliokufa walikuwa wengi zaidi, na mwaka 2024 Rais wa Ufaransa alikiri kwamba yalikuwa mauaji ya halaiki ya watu. Tena mwaka 1959 sheria ya Ufaransa iliganda pensheni za askari wa makoloni yaliyokuwa yakipata uhuru. Bei ya mkate ilipanda, pensheni ya Mfaransa ikapanda nayo, na ya Mwafrika ikasimama pale pale kwa nusu karne. Ilikuwa mwaka 2010 ndipo Baraza la Katiba liliposema kwamba tofauti hiyo ni kinyume cha usawa. Wengi waliodhulumiwa walikuwa wamekwisha kufa. Hapa dola haikukana deni. Ililiacha lilale mpaka mdai azikwe. Ni namna ya kukana isiyohitaji kusema.

Baada ya mifano hii ni rahisi mtu kukata shauri kwamba askari ana haki daima, na kwamba kila adaipo apewe. Mwezi Januari mwaka 1964 wazuia shauri hilo. Usiku wa kuamkia tarehe 20 askari wa Tanganyika Rifles katika kambi ya Colito, nje ya Dar es Salaam, waliasi. Siku iliyofuata waliasi wenzao wa Tabora, kisha wa Jinja nchini Uganda, kisha wa Lanet nchini Kenya. Madai ya Tanganyika yalikuwa mawili makubwa: maafisa wa Kiingereza waondoke, na mshahara wa askari wa kawaida upandishwe kutoka shilingi 105 kwa mwezi hadi 260. Nchi ilikuwa na uhuru wa miaka miwili na kitu. Askari aliona mawaziri na makatibu wapya wakipanda vyeo na magari, naye yu pale pale, chini ya afisa yule yule. Malalamiko yake hayakuwa ya uongo. Lakini katika siku zile maduka yalivunjwa, watu waliuawa, na serikali iliyochaguliwa na wananchi ikalazimika kuomba msaada wa majeshi ya Uingereza, yaliyoshuka tarehe 25.

Kosa lilikuwa wapi? Halikuwa katika dai. Lilikuwa katika chombo cha kudaia. Mwalimu akidai mshahara, ana kinywa. Akigoma, shule hufungwa. Askari akidai kwa bunduki anadai kwa chombo ambacho si chake. Bunduki ile ilinunuliwa kwa kodi ya mkulima wa pamba na mkulima wa mkonge, ikawekwa mkononi mwake kama amana ya kuwalinda. Kuigeuza ili kuwalazimisha waliompa ni kuvunja amana, hata kama njaa ni ya kweli. Tena fedha anayoidai hutoka kwao wale wale. Mkulima aliyekuwa na mapato chini ya askari ndiye angalilipa nyongeza hiyo, na hakuna aliyemwuliza. Askari wa Thiaroye walikufa wakidai kilichokwisha kuwa chao. Askari wa Colito walidai kiwango kipya kwa kuwatisha watu wasio na silaha. Mambo haya mawili yafanana kwa nje, na kwa ndani ni mbalimbali.

Serikali tatu zilijibu kwa namna zisizofanana. Tanganyika ilivunja jeshi lile, ikawashtaki viongozi wa maasi, na mwezi Septemba mwaka huo huo ikaanzisha Jeshi la Wananchi juu ya msingi mpya. Kenya nayo ilipeleka waasi mahakamani. Uganda ilipandisha mishahara, na askari wakajua kwamba bunduki imesikilizwa. Haitakuwa insafu kusema kwamba mapinduzi ya Kampala ya mwaka 1971 yalitokana na nyongeza ya mwaka 1964 peke yake. Mambo makubwa huwa na sababu nyingi. Lakini mnada wa Roma ulikwisha kuonyesha kwamba malipo yatolewayo kwa hofu hayamalizi dai. Hulipa jina jipya, na hulirudisha likiwa kubwa zaidi.

Kutokana na haya yafuata kwamba malipo ya askari ni deni, lakini ni deni la namna ya peke yake. Mdaiwa si mfalme wala waziri. Ni watu wote waliolala usingizi kwa sababu mwingine alikesha. Kwa kuwa mdaiwa ni watu wote, serikali ikibadilika deni halifi, na kwa kuwa mdai amepewa silaha na hao hao, hana ruhusa ya kulitoza kwa silaha hiyo. Pande hizi mbili hutegemeana. Nchi ikimnyima askari njia ya amani ya kudai, yaani daftari la kweli, mtu wa kumsikiliza na siku ya kulipwa isiyopita, imemwekea mtego wa kuvunja amana. Na askari akiivunja amana amewapa wenye hazina kisingizio cha kuwadharau hata wale waliodai kwa haki.

Deni hili halilipwi lote. Hakuna hazina iwezayo kumrudishia mtu mguu wake au mjane mume wake, na mwenye kusema kwamba amelipa lote ameligeuza kuwa bei. Kilicho katika uwezo wa dola ni kidogo, na kwa udogo wake hakina udhuru: kuandika jina la kila aliyetumwa, awe amebeba bunduki au amebeba gunia, kutolipa hatari moja kwa vipimo viwili, kulipa wakati mlipwaji yu hai. Mpagazi aliyezikwa kando ya njia ya Rufiji hakuomba sanamu. Alikuwa na mshahara wa miezi kadhaa, na nyumbani alikuwa na mtu wa kuupokea.